Pivo wa bei kali: ekipe ilipe ao iache?

Tarehe 21 Mei 2016, huko Toronto, Canada, mtoto wa Lubumbashi alishika mipira 26 ya kurudi katika mechi moja ya basketi. Mipira ya kurudi ni ile inayogonga chuma bila kuingia, na watu wote wanaruka kuigombania. Bismack Biyombo alikuwa na miaka 23. Cleveland ya LeBron James ilikuwa imeshinda mechi zake zote 10 za mchujo mpaka usiku ule. Ikapigwa 99 kwa 84. Katika historia ya ekipe ya Toronto, hakuna aliyewahi kushika mipira mingi hivyo katika mchujo.

Wiki sita baadaye, Orlando ilimupatia mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne. Toronto alikuwa anapata chini ya milioni 3 kwa mwaka.

Huku Katanga ya zamani watu walifurahi, na walikuwa na haki. Kijana aliyezaliwa Lubumbashi, aliyeonekana na kocha mmoja katika mashindano ya vijana kule Yemen, akapita Uhispania, akachaguliwa wa 7 katika drafti ya 2011, leo anaitwa tajiri. Lakini furaha ya jamaa na hesabu ya mnunuzi ni vitu viwili. Biyombo alifanya vizuri kukubali zile franga. Je, Orlando ilifanya vizuri kuzitoa?

Swali hilo halijazeeka. Kila mwezi wa pili, dirisha la kubadilishana wachezaji linapokaribia kufungwa Marekani, linarudi: ekipe fulani imukamate pivo fulani wa bei kali, ao iache? Na linarudi pia karibu zaidi. Kila mara mdhamini anapotokea na mfuko mzito, Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, utasikia mtu kwenye malewa akisema: « Balete tu mutu murefu, bengine batajipanga. » Hii makala inajaribu kuonyesha kwa nini mara nyingi wale wengine hawajipangi.

Kwanza, namna soko lenyewe linatembea. Katika ligi ya Marekani, NBA, klabu hainunui mchezaji kwa franga sawa vile TP Mazembe ilimuuza Mbwana Samatta kwa Genk ya Ubelgiji mwezi wa kwanza 2016. Kule wanabadilishana: mutu kwa mutu, ao mutu kwa zamu za drafti, yaani zamu za kuchagua chipukizi kila mwaka. Tena kuna kipimo cha juu cha mishahara. Ekipe iliyokwisha kupita kipimo hicho haiwezi kuleta mchezaji wa milioni 24 bila kutoa watu ambao mishahara yao, ukiijumlisha, inakaribia pale. Kwa hiyo pivo wa bei kali anakula mara mbili. Anakula nafasi ya mshahara, na anakula wachezaji watatu ao wanne waliotolewa ili aingie. Mashabiki wengi wanahesabu ile ya kwanza tu.

Pivo mwenyewe ni mtu wa namna gani? Ni yule mrefu anayesimama chini ya kikapu. Kazi yake kubwa ni kuzuia adui asifunge kwa urahisi, kushika mipira ya kurudi, na kuwafungulia njia wenzake kwa kusimamisha mwili wake katikati ya kiwanja. Nyingi ya kazi hiyo haionekani kwenye karatasi ya pointi. Na hapo ndipo shida ya bei inaanza, kwa sababu kitu kisichoonekana vizuri ni vigumu kukipima, na kitu kigumu kupima ni rahisi kukilipia zaidi.

Mtu wa Kolwezi anaelewa hapo bila kuchorewa. Kwenye depo za Musompo, mchimbaji anafika na magunia yake. Mnunuzi halipi uzito tu. Analipa tenere, kiasi cha madini kilichomo ndani ya jiwe, na anakipima kwa kile kimashine ambacho wote wanakiita Metorex. Wakrezere wanalalamika tangu miaka mingi kwamba kimashine kinasema uongo upande wa mnunuzi. Katika soko la pivo, kimashine kinasema uongo upande wa muuzaji. Mechi moja ya mipira 26 ni jiwe moja zuri lililowekwa juu ya gunia. Haionyeshi kilicho chini.

Na chini kulikuwa na nini? Biyombo alipata dakika nyingi katika mchujo ule kwa sababu Jonas Valančiūnas, pivo wa kwanza wa Toronto, aliumia kifundo cha mguu. Alicheza kati ya wenzake waliojua kufunga, Kyle Lowry na DeMar DeRozan, ambao hawakumuomba pointi. Walimuomba kitu kimoja: linda nyumba. Alilinda. Ukimuhamisha mtu kama huyo kwenye ekipe isiyokuwa na wafungaji, unamupeleka mlinzi mzuri kwenye nyumba isiyokuwa na kitu cha kuibiwa.

Orlando ilifanya zaidi ya hapo. Ilikuwa tayari na Nikola Vučević, pivo anayejua kufunga. Mwezi wa sita 2016, siku chache kabla ya kumukamata Biyombo, ilimuleta Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, ng’ambo ya mto. Ili kumupata, ilitoa Victor Oladipo, Ersan Ilyasova, na haki ya Domantas Sabonis ambaye alikuwa amechaguliwa usiku ule ule. Kisha ikamulipa Biyombo milioni 72. Vyungu vitatu juu ya mbabula moja. Watu warefu watatu wanagombania dakika zile zile, na pembeni hakuna wa kuwapa mpira vizuri.

Msimu uliofuata Orlando ilishinda mechi 29 na kupoteza 53. Biyombo alikuwa na wastani wa pointi 6 na mipira 7 ya kurudi, karibu sawa na vile alivyokuwa siku zote. Hakudanganya mtu. Alibaki yule yule, ni bei yake iliyobadilika. Ibaka hakumaliza hata msimu: mwezi wa pili 2017 alipelekwa Toronto. Oladipo na Sabonis, wale waliotolewa, walikuwa wachezaji wa mechi ya nyota, mmoja 2018, mwingine 2020. Meneja mkuu wa Orlando alifukuzwa mwezi wa nne 2017.

Ni haki kuuliza kwa nini watu wenye akili, wenye wataalamu na kompyuta, walifanya vile. Jibu linapatikana katika mwaka wenyewe. NBA ilikuwa imeuza haki za televisheni kwa dola bilioni 24 kwa miaka tisa, na mkataba ule ulianza kuhesabiwa msimu wa 2016. Kipimo cha mishahara kiliruka kutoka milioni 70 mpaka milioni 94 kwa mara moja. Kila klabu iliamka asubuhi na franga mpya mfukoni, wachezaji ni wale wale wa jana. Ndipo Los Angeles Lakers ikamupatia Timofey Mozgov milioni 64. New York ikamupatia Joakim Noah milioni 72. Washington ikamupatia Ian Mahinmi milioni 64. Wote mapivo. Wote mikataba ya miaka minne. Wote kiangazi kimoja.

Kolwezi iliishi kitu kama hicho miaka miwili baadaye. Mwanzoni mwa 2018 kobalti ilipanda mpaka karibu dola 95,000 kwa tani, kwa sababu dunia nzima ilikuwa inasema magari ya umeme yamefika. Kila mtu alichimba. Watu walitoboa sakafu za nyumba zao wenyewe kutafuta madini. Katikati ya 2019 bei ilikuwa imeshuka chini ya 30,000, na mwezi wa nane Glencore ikatangaza kwamba Mutanda, mgodi mkubwa kuliko yote duniani kwa kobalti wakati ule, utafungwa kwa muda. Wale waliokuwa wamechukua deni kununua jenereta, pikipiki na magunia kwa bei ya mwezi wa tatu 2018 walilipa deni hilo kwa bei ya mwezi wa saba 2019. Jiwe halikubadilika, tenere ni ile ile. Wakati ndio ulibadilika.

Mkataba wa miaka minne uliowekwa sahihi siku ya bei ya juu ni deni la namna hiyo. Mwaka wa kwanza unaonekana utajiri. Mwaka wa tatu unatafuta mtu wa kukusaidia kuubeba.

Mozgov ndiye anaonyesha vizuri zaidi. Lakers ilimuchoka ndani ya mwaka mmoja. Ili Brooklyn ikubali kumuchukua pamoja na mshahara wake, Lakers ililazimika kuongeza juu D’Angelo Russell, kijana aliyechaguliwa wa pili katika drafti ya 2015. Lakers ilipata Brook Lopez na zamu ya 27, iliyomuleta Kyle Kuzma, kwa hiyo haikutoka mikono mitupu. Lakini Russell alikuwa katika mechi ya nyota 2019, akivaa nguo za Brooklyn. Brooklyn nayo ikamusukuma Mozgov Charlotte. Na Charlotte, mwezi wa saba 2018, ikamutuma Orlando. Nani alitoka Orlando kwenda Charlotte katika kubadilishana kule? Biyombo. Mikataba miwili ya kiangazi kimoja, mizito miwili, ikapishana njiani. Orlando iliongeza hata zamu mbili za raundi ya pili ya drafti ili Charlotte ikubali. Mozgov hakucheza hata mechi moja ya Orlando.

Kwa Biyombo hii si aibu, na ni vibaya wale wanaomucheka kwenye mitandao. Mchezaji hapangi bei ya soko. Mwaka 2022, alipokuwa Phoenix, alitangaza kwamba mshahara wake wote wa msimu ule, dola milioni 1.3, utajenga hospitali Kongo kwa kumukumbuka baba yake aliyekuwa amefariki. Ukitazama kutoka huku, pengine zile milioni 72 zilikuwa pesa nzuri kabisa za Orlando. Lakini Orlando haikuwa inafanya msaada. Ilikuwa inatafuta kushinda.

Sasa Toronto, ile iliyomuacha aende. Mashabiki wake walilia: mnawezaje kumuachilia mtu wa mipira 26? Masai Ujiri, Mnigeria aliyekuwa anaongoza ile klabu, hakuweza kufikia bei ya Orlando bila kuvunja mfuko, na hakujaribu. Mwezi wa sita ule ule wa 2016 alikuwa amechagua chipukizi wa Austria, Jakob Poeltl, pivo wa mshahara mdogo. Baada ya miaka miwili Poeltl alikuwa ndani ya kifurushi, pamoja na DeRozan, kilichomuleta Kawhi Leonard. Ibaka, yule Orlando ilimulipia Oladipo na Sabonis, Toronto ilimupata kwa Terrence Ross na zamu moja ya drafti.

Kisha inakuja sehemu ambayo wale wanaosema « usilipe hata siku moja » wanaisahau. Tarehe 7 Februari 2019 Toronto yenyewe ilimukamata pivo wa bei kali. Marc Gasol wa Memphis, miaka 34, mshahara wa milioni 24 na zaidi kwa msimu. Ilitoa Valančiūnas, Delon Wright, C.J. Miles na zamu moja ya raundi ya pili. Miezi minne baadaye Toronto ilikuwa bingwa, ikiwa imeipiga Golden State mechi 4 kwa 2.

Kwa nini bei kali ya 2019 ilikuwa nzuri na ile ya 2016 ilikuwa mbaya? Pivo wote wawili walikuwa walinzi. Tofauti haikuwa kwa mtu aliyenunuliwa, ilikuwa kwa nyumba iliyomupokea. Toronto ilikuwa na Leonard, Lowry, Pascal Siakam kijana wa Cameroun. Ilikuwa tayari kati ya ekipe bora za ligi. Ilijua kitu kimoja kilichokosekana, mtu mrefu anayejua kupitisha mpira na kusimama mbele ya Joel Embiid na wenzake, na ikanunua kitu hicho tu. Tena mkataba wa Gasol ulikuwa karibu na mwisho. Kama mambo yangeharibika, mzigo ungekuwa wa msimu mmoja ao miwili. Orlando ilinunua pivo ili aanze kujenga nyumba, na pivo hajengi nyumba, anaifunika. Ukinunua manjanja kabla ya matofali, manjanja yatalala uani mpaka yashike kutu.

Mfano wa Mutombo unasema hivyo hivyo, na unaongeza kitu. Tarehe 22 Februari 2001, Philadelphia ilikuwa na ushindi 41 na mechi 14 tu za kupoteza. Pivo wake Theo Ratliff alikuwa ameumia mkono. Ikamutoa Ratliff huyo pamoja na Toni Kukoč, Nazr Mohammed na Pepe Sánchez, ikamuleta Dikembe Mutombo kutoka Atlanta, mutu wa Kinshasa, meta 2.18, miaka 34. Wengi walisema ni mzee. Mwaka ule ule alipewa kwa mara ya nne zawadi ya mlinzi bora wa ligi, na Philadelphia ikafika fainali. Ilimupiga Shaquille O’Neal na Lakers mechi ya kwanza kule kwao, kisha ikapoteza nne za kufuata. Kwa klabu iliyokuwa na Allen Iverson na nafasi moja mbele yake, kulikuwa na haki ya kujaribu. Ratliff angebaki, pengine wasingefika.

Kosa lilikuja baada ya hapo. Kiangazi kile mkataba wa Mutombo ulikwisha, na Philadelphia, yenye furaha ya fainali bado kichwani, ikamupatia mwingine wa miaka minne, zaidi ya dola milioni 60. Alikuwa amefikisha miaka 35. Mwaka mmoja baadaye alisukumwa New Jersey kwa Keith Van Horn na Todd MacCulloch, na kule aliumia akacheza mechi 24 tu za msimu wa kawaida. Kumuleta kulikuwa sawa. Kumulipa tena kwa ajili ya kitu alichokwisha kufanya, hapo ndipo hesabu iliharibika. Sherehe ikishakwisha, mtu analipa chakula, halipi shukrani.

Kuna mfano unaovuruga kidogo mstari huu, nao ni Rudy Gobert. 2022 Minnesota ilitoa wachezaji watano na zamu nne za raundi ya kwanza kwa pivo Mfaransa mwenye mkataba wa zaidi ya milioni 200. Dunia yote ilicheka, hasa ekipe ilipotoka raundi ya kwanza 2023. Kisha ikafika nusu fainali ya ligi 2024, na tena 2025. Waliocheka walinyamaza kidogo. Lakini hata pale, Anthony Edwards alikuwa tayari yupo, na ndiye anayebeba. Tena zile zamu za drafti bado ni deni. Minnesota itajua bei kamili miaka ya mbele.

Tukirudi Kolwezi. Hakuna klabu ya Lualaba inayolipa milioni 72, wala milioni moja. Lakini namna ya kufikiri ni ile ile, na hatari yake kubwa zaidi huku, kwa sababu mfuko wa huku unatoka mahali pamoja. Sport katika mji huu imeishi siku zote kwa kivuli cha mgodi. Wakati wa Gécamines, kampuni ilitunza cité, masomo, hospitali, na viwanja pia. Miaka ya 1980 ilikuwa inatoa karibu tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka 1990, na katikati ya miaka ya 1990 kampuni nzima ilikuwa chini ya tani 50,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mara moja. Kila kitu kilichokuwa kinakula kwenye sahani ile kilijua njaa, na viwanja vilikuwa kati ya vya kwanza.

Leo sahani zimekuwa nyingi: KCC, TFM, Kamoa, Sicomines, COMMUS na wengine. Sheria ya madini ya 2018 inasema kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na kwamba asilimia 15 ya malipo ya serikali juu ya madini iende kwa mji, sekta ao uchefu wa pale. Hizo ni franga za kweli. Na pale penye franga za kweli panazaliwa hamu ya kitu kinachoonekana haraka, na hakuna kitu kinachoonekana haraka kama mutu wa meta 2.10 akishuka kwenye ndege.

Upande wa pili lazima usikilizwe. TP Mazembe haikuchukua Ligi ya Mabingwa 2009, 2010 na 2015 kwa kulea watoto wa Kamalondo peke yao. Ilileta Wazambia kama Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu, ikamuleta Samatta kutoka Tanzania, na 2010 ilifika fainali ya dunia ya klabu mbele ya Inter Milan. Mtu akisema wageni wa bei waliinua Katanga, hasemi uongo. Lakini Mazembe ilikuwa na msingi wa wachezaji wa nyumbani, ilikuwa na uwanja, na wengi wa wale wageni walikaa miaka, wakajifunza hata lugha. Samatta alinunuliwa kijana na akauzwa ghali. Hiyo ni kununua jiwe kabla ya kimashine kulipima.

Katika basketi, mfano wa karibu ni Espoir Fukash ya Lubumbashi, iliyobeba bendera ya Kongo katika ligi ya Afrika, BAL, mwaka 2022. Kanuni iliruhusu wageni wanne kwa kila ekipe, na wawili tu kati yao wangeweza kutoka nje ya Afrika. Espoir haikupita kundi lake kule Cairo. Kombe lilienda Tunisia, kwa US Monastir, iliyokuwa na pivo mgeni, Ater Majok, mwenye asili ya Sudan Kusini. Wanaopenda kununua wanamtaja haraka huyo. Lakini Majok hakushuka siku ya mwisho. Alikuwa na Monastir tangu 2021, walipopoteza fainali mbele ya Zamalek kwa 76 na 63. Walirudi naye, na wenzake walikuwa wanajua pale atakaposimama kabla hajafika.

Mutu mrefu anayekodishwa wiki tatu kwa mashindano hana wakati wa kujulikana hivyo. Anakuja, anashika mipira 12, anapigwa picha, anaenda. Mwalimu wa ekipe anabaki na wachezaji wa nafasi ya pivo ambao hawakucheza. Huo ndio utoaji usioandikwa katika mkataba wowote: kijana wa Dilala ao Manika mwenye meta 2, mwenye miaka 17, aliyekaa kwenye benchi msimu mzima kwa sababu mahali pake palikodishwa. Biyombo alionekana akiwa na miaka 16. Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, alichaguliwa wa 7 katika drafti ya 2021 akiwa na miaka 18. Kongo ya mashariki haijakosa watu warefu hata siku moja. Imekosa mahali pa kuwachezesha, viatu vya namba 50, na mtu wa kuwaonyesha namna ya kuweka miguu.

Wakati nao hausaidii wanunuzi. Mwezi wa pili 2025 kobalti ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 10 kwa livre moja, na serikali ikafunga kupeleka nje kwa miezi minne, kisha ikaongeza mitatu. Tangu mwezi wa kumi mwaka ule kila kampuni inatoka kwa kipimo, na kipimo cha inchi nzima kwa 2026 ni tani 96,600. Bei imepanda tena. Kwa hiyo kuna wadhamini watakaojisikia matajiri msimu huu kuliko msimu uliopita, sawa vile vilabu vya NBA vilivyojisikia 2016. Hapo ndipo mikataba mirefu inaandikwa.

Klabu inayofikiria pivo wa bei ingeanza na karatasi moja na kalamu. Upande mmoja iandike wachezaji ilio nao, na iulize kwa ukweli kama pivo akiongezwa inakuwa ya kwanza, ao inakuwa ya nne badala ya ya sita. Kama ni ya nne, iache. Upande wa pili iandike mwezi ambao mdhamini anaweza kukauka, na ihakikishe mkataba unakwisha kabla ya mwezi huo. Na ikishalipa, ilipe pia zile saa za jioni: pivo wa bei awe kiwanjani mara mbili kwa wiki na vijana wa masomo, iandikwe katika mkataba, kwa namba ya saa na kwa adhabu asipofika. Mshahara wa mwezi mmoja wa mgeni kama huyo ungeweka vikapu viwili na sementi katika masomo moja ya Mutoshi, na vikapu hivyo havihitaji tiketi ya kurudi.